Kabla ya kununua vishikwambi: nani anafikiri darasani?

Kila ninapoalikwa kuzungumza na walimu wakuu kuhusu elimu ya miaka ijayo, swali la kwanza huwa la vifaa. Vishikwambi vingapi vinatosha darasa moja? Intaneti iwe na kasi gani? Programu ipi ya akili mnemba (AI) ni bora? Ni maswali halali, na mara nyingi anayeuliza ana bajeti mkononi na bodi inayomsubiri. Lakini kazi yangu ni mafunzo ya walimu, na miaka ya kukaa dawati la nyuma nikitazama wenzangu wakifundisha imenizoesha kuanza na swali jingine: katika kipindi cha dakika 40, mwanafunzi alifikiri kwa dakika ngapi?

Siulizi alinyamaza kwa muda gani, wala alinakili mistari mingapi kutoka ubaoni. Nauliza ni kwa muda gani akili yake ilikuwa kazini: ikikumbuka, ikilinganisha, ikikosea, ikirudia, ikieleza jambo kwa maneno yake yenyewe. Nimekaa katika vipindi vilivyoandaliwa vizuri, mwalimu akilijua somo lake barabara na ubao umejaa mwandiko safi, na jibu langu la kweli likawa dakika tano. Nimekaa pia katika vipindi vyenye kelele ambavyo dakika hizo zilipita 30. Kila kinacholetwa shuleni kwa jina la elimu ya kesho, ama kitaongeza dakika hizo au kitazipunguza. Mimi hukipima hapo kwanza, bei baadaye.

Ahadi za vifaa hazikuanza jana. Mwaka 1913 Thomas Edison, mvumbuzi wa Marekani ambaye wakati huo alikuwa katika biashara ya filamu, alitabiri gazetini kwamba vitabu vingekoma kutumika mashuleni na kwamba ndani ya miaka kumi mfumo mzima wa shule ungebadilika kwa sababu ya picha zitembeazo. Miaka kumi ikapita, vitabu vikabaki. Ikaja redio, ikaja televisheni, ikaja kompyuta. Kila kimoja kilileta faida yake, ila hakuna kilichofundisha chenyewe.

Mfano ninaoutumia sana kwenye mafunzo ni wa Peru. Nchi hiyo iligawa mamia ya maelfu ya kompyuta ndogo kwa watoto wa shule, nyingi zikienda vijijini. Mwaka 2012 watafiti wa Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika walitoa matokeo yao kutoka shule 319. Kompyuta zilikuwa zimefika, watoto walizitumia na walizimudu, lakini alama za hisabati na lugha hazikupanda kuliko za shule ambazo hazikupewa kitu. Miongoni mwa sababu walizotaja ni kwamba mpango haukuwa na njia ya ufundishaji inayounganisha kifaa na malengo ya mtaala. Kwa lugha ya chumba cha walimu: mashine ilifika bila andalio la somo.

Linganisha na jambo lililofanyika Botswana mwaka 2020, wakati shule zimefungwa kwa sababu ya korona. Watafiti na walimu waliwapigia simu wazazi na watoto mara moja kwa wiki, kwa takribani dakika 15 hadi 20, na kuwatumia maswali ya hesabu kwa ujumbe mfupi. Simu za kawaida, hata zile za vitufe. Mtoto aliulizwa swali, akalifanya palepale, akaeleza alivyopata jibu. Watoto waliopigiwa simu walisonga mbele katika hesabu kuwazidi ambao hawakupigiwa. Simu ile ilikuwa duni kuliko kompyuta yoyote ya Peru, lakini kila dakika yake mtoto alikuwa anafikiri na kuna mtu mzima aliyekuwa anamsikiliza.

Msaada unaofundisha na msaada unaomaliza kazi

Sasa akili mnemba, au akili unde kama wengine wanavyoiita. Tangu ChatGPT, programu inayojibu maswali na kuandika kwa ombi lako, ilipotoka Novemba 2022 sijapata mkutano wa walimu ambao haikutajwa, na ninaielewa hofu yao. Hapo nyuma mashine zilibeba kazi za mikono, kisha za kukokotoa. Hii inaandika insha, inafupisha sura ya kitabu, inatatua mlinganyo na kuonyesha hatua zake. Kwa mara ya kwanza mwanafunzi anaweza kukabidhi kazi yote ya kufikiri, kisha akarudisha daftari safi.

Utafiti uliofanyika Uturuki unastahili kujulikana na kila mzazi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, waliwachukua karibu wanafunzi 1,000 wa sekondari wakiwa kwenye somo la hisabati. Kundi moja lilifanya mazoezi kwa vitabu na madaftari kama kawaida. La pili lilipewa programu ya mazungumzo isiyo na mipaka, iulize chochote ikujibu. La tatu lilipewa programu hiyohiyo, lakini ikiwa imeelekezwa kutoa vidokezo badala ya majibu, kwa mwongozo ulioandikwa pamoja na walimu. Wakati wa mazoezi kundi la pili lilifanya vizuri kwa asilimia 48 kuliko la kwanza, na la tatu kwa asilimia 127. Kisha programu zikaondolewa, ukaja mtihani wa karatasi na kalamu. Kundi la pili likaanguka: alama zake zilikuwa chini kwa asilimia 17 kuliko za wanafunzi ambao hawakuwahi kuiona programu. Kundi la tatu halikudhurika, lilikuwa sawa na la kwanza.

Ninachowaomba walimu wakitazame kwa makini ni jambo dogo lililo ndani ya matokeo hayo. Wanafunzi wa kundi la pili hawakuhisi kwamba wamejifunza pungufu. Walitoka na madaftari yaliyojaa majibu sahihi, wakaamini wanajua. Mtoto wa namna hiyo hatakuja kukuambia kwamba amekwama, kwa kuwa yeye mwenyewe hajui.

Kwa nini inakuwa hivyo? Kumbukumbu haijengwi kwa kuona jibu, inajengwa kwa kulitafuta. Mwaka 2006 wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Wengine walikisoma kifungu mara ya pili, wengine walifunga karatasi na kuandika walichokumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele, asilimia 81 kwa 75. Baada ya wiki moja hali iligeuka: waliojipima walikumbuka asilimia 56, waliorudia kusoma asilimia 42. Njia iliyoonekana nyepesi ndiyo iliyosahaulisha. Mashine inayotoa jibu haraka inampa mtoto zile dakika tano za mwanzo na kumnyang'anya wiki nzima inayofuata.

Kwa hiyo sishauri shule kuipiga marufuku akili mnemba, wala kuifungulia mlango wote. Nashauri mpangilio wa zamu. Mwanafunzi aanze mwenyewe: aandike wazo lake, ajaribu swali, akwame kwa haki. Kisha mashine iingie kumhoji, kumpa kidokezo, kumwonyesha pengo katika hoja yake. Mwishoni arudi kwenye karatasi tupu. Mwongozo wa UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, sayansi na utamaduni, wa mwaka 2023 ulipendekeza umri usiopungua miaka 13 kwa mtoto kutumia zana hizi darasani bila kusimamiwa hatua kwa hatua, na mimi naona kwa watoto wadogo zaidi hakuna haraka yoyote.

Kuhusu kazi za nyumbani, walimu wengi hutaka programu ya kunasa insha zilizoandikwa na mashine. Tafadhali msiitegemee. OpenAI, waliotengeneza ChatGPT, walitoa chombo chao cha utambuzi mwanzoni mwa 2023 na kukiondoa Julai mwaka huohuo kwa sababu ya usahihi mdogo. Kilikuwa kikitambua asilimia 26 tu ya maandishi ya mashine. Mwaka huo pia watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walipima vyombo kadhaa vya aina hiyo kwa insha 91 za watu wanaoandika Kiingereza kama lugha ya kigeni. Kwa wastani zaidi ya nusu ya insha hizo, zilizoandikwa na binadamu, zilihesabiwa kuwa za mashine. Fikiria mwanafunzi anayejitahidi katika lugha isiyo ya kwao anaitwa mdanganyifu kwa sababu sentensi zake ni rahisi. Jeraha hilo haliponi upesi.

Njia ninayoiamini ni ya zamani na haina gharama: mwite mwanafunzi, mpe dakika tatu, mwulize kwa nini alianza na hoja hii na si ile. Dai rasimu ya kwanza yenye mistari iliyokatwa. Sehemu ya insha iandikwe darasani. Darasa kubwa halitaruhusu kuwahoji wote kila wiki, lakini ukiwahoji watano kwa zamu na kila mmoja akajua zamu yake inakuja, maandalizi hubadilika.

Kusoma kwanza

Yote niliyoyasema yanamhusu mtoto anayejua kusoma. Mwaka 2019 Benki ya Dunia ilikadiria kwamba asilimia 53 ya watoto wa nchi za kipato cha chini na cha kati hufika miaka 10 bila kuweza kusoma na kuelewa hadithi fupi. Baada ya shule kufungwa kwa korona, makadirio ya 2022 yalifika asilimia 70. Kwa mtoto huyu mjadala wa akili mnemba haujaanza. Kioo kinang'aa mbele yake, maneno yamejaa, naye anatazama picha.

Dawa inajulikana. Shirika la Pratham la India limeonyesha kwa miaka mingi kwamba ukiwapanga watoto kwa kiwango wanachoweza, si kwa umri wala darasa, hata kwa saa moja au mbili kwa siku, wanaanza kusoma. Anayejua herufi tu anakaa na wenzake wa herufi, anayesoma sentensi na wa sentensi, na wanahama kundi wanapopanda. Mwalimu hupima kwa karatasi moja na dakika chache kwa kila mtoto. Kinachoumiza ni kwamba mitaala yetu humsukuma mwalimu amalize mada, hata kama nusu ya darasa ilibaki nyuma tangu muhula wa kwanza. Mwalimu mkuu anayeniuliza aanzie wapi kuiandaa shule yake kwa miaka 20 ijayo, mimi humwambia aanzie madarasa ya chini, apime usomaji wa kila mtoto mmoja mmoja, na asimwonee haya yeyote kwa matokeo atakayoyakuta.

Kisha mwalimu. UNESCO inakadiria kwamba dunia inahitaji walimu wapya milioni 44 wa msingi na sekondari ifikapo 2030. Hawatapatikana kwa matangazo, na waliopo tunawachosha. Tunawaongezea stadi mpya juu ya mzigo uleule, kwa warsha ya siku mbili yenye slaidi 100, cheti na picha ya pamoja. Nimeendesha warsha za aina hiyo, na nilipowafuata walimu madarasani mwezi uliofuata nilikuta wachache sana wakitumia tulichofundishana. Makosa yalikuwa yetu wakufunzi. Hakuna fundi anayejifunza kuranda mbao kwa kusikiliza hotuba.

Kilichofanya kazi kwa macho yangu ni mwalimu kutembelewa darasani na mwenzake, mara kwa mara, kwa jambo moja dogo tu kwa wakati. Wiki hizi mbili tunafanyia kazi namna ya kuuliza swali na kusubiri sekunde tano kabla ya kuita jina. Basi. Mwenzake anahesabu sekunde, wanakaa dakika kumi baada ya kipindi, wanakubaliana wiki inayofuata wajaribu nini. Hapa akili mnemba inaweza kumsaidia mwalimu kwa dhati: kutunga maswali ya mazoezi ya viwango vitatu au kupendekeza mifano, naye ahakiki, kwa kuwa mashine hukosea kwa sauti ya kujiamini. Ila muda anaouokoa apewe yeye. Ukimjazia vikao na fomu, hakuna ulichomsaidia.

Kuna mawili nayasema kwa kifupi. Simu janja zikae mbali wakati wa kipindi. Ripoti ya UNESCO ya 2023 ilieleza kwamba mwanafunzi aliyevurugwa anaweza kuchukua hadi dakika 20 kurudisha umakini, na hiyo ni nusu ya kipindi. Pia shule isome masharti ya programu kabla ya kuwasajili watoto. Mwaka 2022 Human Rights Watch, shirika la kutetea haki za binadamu, walichunguza programu za elimu zaidi ya 160 na kukuta karibu tisa kati ya kila kumi zilishughulikia taarifa za watoto kwa namna iliyohatarisha au kukiuka haki zao. Jina, picha na makosa ya mtoto wa miaka minane si bei ya kulipia programu ya bure.

Wazazi nao huniuliza wafanye nini nyumbani, hasa wanaoona aibu kwamba mtoto amewazidi elimu. Huhitaji kulijua somo. Mtoto akisema amemaliza kazi, mwambie afunge daftari na simu, akueleze alichofanya kana kwamba wewe ndiye utakayefanya mtihani kesho. Usimsahihishe. Sikiliza anapokwama, mwache atafute, na akishindwa kabisa arudi kwenye daftari asome sehemu ile tu, kisha alifunge tena na kuendelea kukueleza.