Hantavirusi si jina jingine la tauni

Habari ya hantavirusi ikitangazwa tu, haipiti saa moja kabla mtu hajasema "kumbe tauni imerudi", na mwenzake akamsahihisha kwa kujiamini kwamba hiyo ni homa ya mgunda. Wote wawili wamepotea njia moja: wamesikia panya wakaishia hapo.

Hantavirusi ni kundi la virusi wanaobebwa na panya wa aina fulani bila panya wenyewe kuonekana wagonjwa. Hutoka na mkojo, kinyesi na mate, na binadamu huambukizwa hasa anapovuta hewa yenye vumbi la uchafu huo. Basi.

Jina lenyewe halihusiani na panya wala homa. Hantan ni mto unaoanzia Korea Kaskazini na kuingia Korea Kusini. Katika vita vya 1950 hadi 1953, askari zaidi ya 3,000 wa majeshi ya Umoja wa Mataifa waliugua homa iliyowatoa damu na kuzifanya figo zigome, na hakuna aliyejua chanzo. Vita viliisha, miaka zaidi ya ishirini ikapita. Mwaka 1976 ndipo mtafiti Mkorea Ho Wang Lee alipokiona kirusi hicho kwenye mapafu ya panya wa mashambani, yule mwenye mstari mweusi mgongoni. Mto ukatoa jina.

Mwaka 1993 likazuka jambo la kufanana nchini Marekani, mahali yanapokutana majimbo ya Arizona, New Mexico, Colorado na Utah. Safari hii mapafu ndiyo yaliyojaa maji, na vijana wenye nguvu zao wakafa kwa siku chache. Watafiti walitaka kukiita kirusi hicho, nacho ni hantavirusi, kwa jina la mahali kama ilivyokuwa desturi, wenyeji wakakataa. Nani anataka kwao kukumbukwe kwa maradhi? Kikaishia kuitwa Sin Nombre, Kihispania cha "bila jina". Mimi hulipenda jina hilo kuliko yote, maana angalau halimsingizii mtu.

Sasa hilo linalonikera. Tauni husababishwa na bakteria, na kwa kawaida kiroboto ndiye anayeihamisha kutoka kwa panya hadi kwa mtu. Homa ya mgunda nayo ni bakteria. Mgunda ni shamba, na ugonjwa huingia kupitia ngozi iliyochubuka mtu anapokanyaga maji au matope yenye mkojo wa mnyama aliyeambukizwa, awe panya, ng'ombe au nguruwe. Zote mbili hutibiwa kwa antibiotiki. Hantavirusi hawaguswi na antibiotiki: mgonjwa husaidiwa kupumua na kulindwa figo mpaka mwili ushinde. Homa ya Lassa, iliyotambuliwa Nigeria mwaka 1969, ni ya virusi vya panya pia, lakini ni ukoo mwingine kabisa.

Mtu ataniambia majina ni majina tu. Hapana. Anayeamini ni tauni atahangaika na viroboto, anayeamini ni homa ya mgunda atavaa mabuti, na wote wawili watafungua ghala lililofungwa tangu msimu uliopita, washike ufagio na kutimua vumbi kwa dakika kumi. Hapo ndipo mkulima anapokutana na hantavirusi: ghalani, kwenye banda la kuni, kwenye kibanda cha shambani kisicholala mtu. Kung'atwa kunaweza kuambukiza, ila ni nadra. Na kuona panya wengi si lazima kuwe na hantavirusi, kwa sababu kila kirusi kina aina yake ya panya, na wa aina nyingine kwa kawaida hawakibebi.

Ghala kama hilo hufunguliwa milango na madirisha, likaachwa lipate hewa kwa nusu saa hivi. Kisha uchafu unaloweshwa kwa klorini ya maji ya nyumbani (bleach) iliyochanganywa na maji, sehemu moja ya klorini kwa tisa za maji, unasubiriwa dakika tano na kufutwa kwa kitambaa, glavu zikiwa mkononi. Kufagia pakavu ndiko kosa.

Kwa hiyo, ndugu yangu uliyesema tauni imerudi, kumshuku panya hukukosea. Ila kiroboto mwache kwanza, hana kesi hapa. Wewe weka ufagio chini.