Kabla ya Kununua Diski, Itazame Swichi

Watu wa sacco na hospitali za hapa Nakuru hutujia na swali lile lile: tumenunua seva tatu mpya zenye diski za kasi, mbona mfumo unakokota? Wengine huwa wameshalipia intaneti ya kasi zaidi. Pesa hizo zimekwenda bure. Kinachowabana ni ile swichi ndogo ndani ya kabati, kifaa kinachounganisha kebo za mtandao kati ya seva na seva.

Seva hizo tatu ni klasta, yaani kundi linalofanya kazi kama mashine moja, na klasta za aina hii, ziitwazo haipakonveji (hyperconverged), hazina sanduku la pekee la kuhifadhia data. Kila seva huendesha programu na papo hapo huchanga diski zake, zote zikawa ghala moja. Karani wa Molo akibonyeza kuhifadhi, data huandikwa kwenye seva moja, nakala ikapelekwa ya pili kupitia swichi, mara nyingi na ya tatu, ndipo karani ajibiwe.

Sasa piga hesabu. Baiti moja ni biti nane, kwa hiyo kebo ya gigabiti 1 kwa sekunde hupitisha megabaiti 125 tu kwa sekunde. SSD ya SATA, ile diski ya kasi ya bei ya kawaida, husoma takriban megabaiti 500 kwa sekunde. Diski moja yajaza kebo nne! NVMe, aina ya SSD yenye kasi zaidi, nyingi hupita 3,000. Kwa hiyo sisi hushauri kuanzia gigabiti 10, na 25 kwa wenye NVMe, kwa swichi mbili zisizochanganywa na kompyuta za ofisi.

Siku za kawaida huenda usione shida. Ngoja seva moja ife, ulete nyingine mahali pake. Kuijaza upya terabaiti 10 kwa gigabiti 1 ni zaidi ya saa 22, na hiyo ni hesabu ya karatasi, njia ikiwa tupu. Wagonjwa nao bado wanasajiliwa kupitia kebo hiyo hiyo. Kwa gigabiti 10 ni saa mbili na ushei.

Kuna wanaotaka seva moja ikae Kisumu. Kwa kilomita 180 hivi, mwanga ndani ya faiba huenda na kurudi kwa chini ya milisekunde 2, lakini laini yako ikizungukia Nairobi kwanza, hesabu hiyo isahau. Na kila kuandika kutaisubiri safari hiyo. Acheni klasta Nakuru, Kisumu mpeleke nakala za akiba usiku.