Medali ya babu haina jina, sasa tuanzie wapi?

Watu wakiniletea vitu vya babu aliyekuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles (KAR) wa enzi ya Mwingereza, huwa wameshika medali mkononi, karatasi wameacha kwa sanduku la bati nyumbani ama walishazichoma wakisafisha. Mimi ukiniambia nichague, kaa na medali uniachie karatasi.

Manake medali za nyota za Vita vya Pili ambazo Uingereza iliwapa askari wetu zilitoka bila jina la mtu, geuza nyuma uone, ni plain kabisa. Zile za fedha za Vita vya Kwanza ni tofauti, angalia pale ukingoni, pembamba hivi, utakuta namba, cheo, jina na kikosi vimegongwa, na tafadhali usizisugue na Brasso, herufi zinalika.

Si ati nyota ni bubu. Burma Star, utepe wa bluu na mstari mwekundu katikati, machungwa huku na huku, inakuambia mzee alikuwa upande wa Burma, Myanmar ya leo, kati ya Desemba 1941 na Septemba 1945, na wengi wa kwetu walienda na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile ya beji ya kichwa cha kifaru, wakashuka bonde la Kabaw 1944 kwa mvua na matope hadi mto Chindwin. Africa Star nayo watu hudhani ni ya Misri na Libya pekee, kumbe aliyepigana Somalia na Ethiopia 1940 na 1941 pia aliipata. Madagaska 1942 haikuwa na nyota yake, hapo tafuta ile ya 1939-1945. Kwa hivyo kama familia inasema Burma na kwa boksi kuna Africa Star peke yake, uliza vizuri, lakini usibishane na shosho, nyota hupotea, watoto huzichezea, zingine ziliuzwa.

Sasa karatasi. Kile kitabu cha kuachishwa jeshi kina namba yake, na namba ndiyo kila kitu, jina karani aliandika vile alisikia, mara nyingi moja tu. Kama alifia vitani, tafuta bure kwa mtandao wa tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola. Wale wa mizinga waliozama na meli Khedive Ismail, iliyopigwa topido 12 Februari 1944 ikitoka Mombasa kwenda Colombo, majina yao yako kwa mnara wa makaburi ya vita pale Ngong Road, Nairobi. Kama alirudi nyumbani huko hayuko, nenda nyaraka za taifa Moi Avenue uombe mafaili ya DC wa wilaya yake.

Wa Kariokor, yaani wapagazi wa Vita vya Kwanza, nitakuwa mkweli, ni ngumu. Mwaka 2021 tume yenyewe ilikubali kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina ama pengine hawakukumbukwa kabisa. Huko tunategemea wazee na chifu kuliko faili.

Kabla uende Moi Avenue piga picha kila kitu mbele na nyuma, hata ile picha ya studio yenye muhuri nyuma, halafu medali na karatasi zake zikae bahasha moja.