Uyoga wa tandiko, wa kikombe na wa chini ya ardhi: maswali na majibu

Dada, nipo Ufini. Mwenzangu kazini kanipa uyoga wa porini uliokunjamana kama ubongo, anasema kwao ni chakula cha heshima. Niule?

Kwa maelezo yako, yaelekea ni Gyromitra esculenta. Wafini huuita korvasieni, yaani uyoga wa sikio, na kweli wanaupenda. Ila anayeuuza hulazimika kumpa mnunuzi maelekezo ya kuupika, kwa sababu ukiliwa mbichi unaweza kuua. Una jiromitrini, sumu ambayo mwilini hugeuka kemikali ileile inayotumika katika mafuta ya roketi.

Wenyewe huuchemsha mara mbili, kila mara dakika tano au zaidi, katika maji mengi mapya, wakayamwaga na kuusuuza. Madirisha huachwa wazi, maana hata mvuke wake una sumu. Pamoja na yote hayo sumu haitoki yote, ndiyo maana wajawazito, wanaonyonyesha na watoto huambiwa wasiuonje. Mshukuru mwenzako, lakini usiule.

Wengine wanasema ni moreli tu, ule uyoga wa porini unaoliwa.

Upasue katikati toka juu hadi chini. Moreli ndani ni wazi, tundu moja toka ncha hadi mguuni, na kofia yake ina vishimo kama sega la nyuki. Huo wa ubongo ndani una vyumba vyumba. Na moreli nayo lazima iive: mwaka 2023 huko Bozeman, Montana, Marekani, watu 51 waliugua na wawili wakafa baada ya kula mgahawani moreli mbichi au ambazo hazikuiva vizuri.

Wenye umbo la tandiko na kikombe je?

Wa tandiko ni Helvella, kofia imeinama pande mbili juu ya mguu wenye mifereji. Ndugu yake, Gyromitra infula, ana tandiko hilohilo na hubeba jiromitrini. Kwa macho tu ni rahisi kuvichanganya, basi achana navyo vyote. Vikombe vya Peziza ni vyembamba, huvunjika vikishikwa, na baadhi hudhuru vikiliwa vibichi.

Nimechimba kitu kama kiazi, nadhani ni trufeli, ule uyoga wa chini ya ardhi unaoliwa.

Kikate. Trufeli iliyokomaa ina mishipa kama ya marumaru. Ukikuta unga mweusi wenye rangi ya zambarau ndani ya ganda gumu, ni Scleroderma, una sumu. Ukiona mchoro wa uyoga mdogo, kofia na mguu, huenda ni Amanita, jamii nyingine ya uyoga, ambaye hajachanua. Baadhi yao huua.

Nikishakula, maziwa yatasaidia?

Hapana, wala kujitapisha. Sumu ya jiromitrini mara nyingi huanza kujionyesha saa 6 hadi 12 baadaye: kutapika, kuharisha, kichwa kuuma, kizunguzungu; kisha macho kuwa manjano na degedege. Usingoje dalili. Nenda hospitali na mabaki ya uyoga ndani ya mfuko wa karatasi, useme umekula saa ngapi. Degedege lake hutibiwa kwa vitamini B6 ya kuchomwa kwenye mshipa, na hiyo si ya kujipa nyumbani.