Miezi Ambayo Bei ya Mafuta Haikusonga

Kila tarehe 14 ya mwezi, Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA) hutangaza bei za juu kabisa ambazo petroli, dizeli na mafuta taa yanaweza kuuzwa nchini Kenya kuanzia saa sita usiku hadi tarehe 14 ya mwezi unaofuata. Bei ikipanda, kufikia alfajiri nauli za matatu zimekwisha kupanda, mwendesha bodaboda anabishana na abiria wake wa kila siku, na simu zinamiminika redioni. Ikishuka kwa shilingi moja, nauli hubaki pale pale. Kazi yangu ni kuchambua bei za mafuta, na hasira hiyo naiona kuwa ya haki kabisa. Ninalotaka kueleza hapa ni kwamba sehemu kubwa ya hasira hiyo hutumika katika miezi isiyostahili. Tunapaza sauti bei inapopanda, kisha tunanyamaza katika miezi ambayo bei haikusonga, au ilisonga kidogo tu, ilhali ni katika miezi hiyo tulivu ndipo mengi huamuliwa.

Kwanza, gharama ya mafuta yenyewe hadi yanapoteremshwa Mombasa. Watu husikia katika taarifa ya habari kwamba pipa la Brent limeshuka, kisha hushangaa bei ya kituoni isipofuata. Brent ni mafuta ghafi, na Kenya haiagizi tena mafuta ghafi kwa matumizi yake. Kiwanda cha Changamwe kiliacha kusafisha mafuta mwaka 2013, na tangu wakati huo tunaagiza mafuta yaliyokwisha kusafishwa, mengi yakitoka Ghuba. Petroli na dizeli zilizosafishwa zina soko lake na misukosuko yake. Urusi ilipoivamia Ukraine mwaka 2022 na nchi za Ulaya zikaanza kutafuta dizeli kwingineko, dizeli ilipanda kwa kasi kuliko mafuta ghafi yanayoitoa. Pamoja na hayo kuna suala la muda: EPRA hukokotoa wastani wa shehena zilizoteremshwa kati ya tarehe 10 ya mwezi uliotangulia na tarehe 9 ya mwezi wa tangazo, na shehena hizo ziliwekewa bei zilipokuwa zikipakiwa, kabla hata meli haijang'oa nanga. Anayejaza tangi leo analipia soko la majuma kadhaa yaliyopita.

Jambo la pili, ambalo kwa maoni yangu ndilo linaloeleweka vibaya zaidi, ni dola. Gharama ya shehena hutajwa kwa dola kwa kila mita moja ya ujazo, yaani lita 1,000. Tuchukue mfano wa hesabu tu: mita moja ya ujazo ya petroli ikigharimu dola 800 na dola moja ikibadilishwa kwa shilingi 130, lita inafika Mombasa kwa shilingi 104. Dola ikifika shilingi 160, lita ile ile, kutoka meli ile ile, inakuwa shilingi 128. Hizo ni shilingi 24 zaidi bila soko la dunia kusogea hata senti, na ukiongeza ushuru wa thamani ya ziada (VAT) wa asilimia 16 juu yake, mnunuzi anabeba karibu shilingi 28. Jambo hilo lilitupata kweli. Mwishoni mwa mwaka 2022 dola ilikuwa ikiuzwa kwa takriban shilingi 123. Kufikia Januari 2024 ilikuwa imegusa 160. Ni katikati ya safari hiyo ndipo petroli ilipovuka shilingi 200 jijini Nairobi kwa mara ya kwanza, ikauzwa kwa 211.64 kuanzia katikati ya Septemba 2023 na 217.36 mwezi uliofuata, ingawa pipa la Brent lilikuwa chini ya dola 100 na mwaka uliotangulia lilikuwa limevuka 120. Kisha serikali ikauza hatifungani mpya ya dola bilioni 1.5 mnamo Februari 2024, hofu ya kushindwa kulipa deni lililokuwa likiiva mwezi Juni ikapungua, shilingi ikaimarika kuelekea 130, na bei za mafuta zikaanza kuteremka mwezi baada ya mwezi. Walioshukuru soko la dunia kwa nafuu hiyo walisahau soko la fedha.

Ni kwa sababu ya uhaba wa dola wa kipindi hicho ndipo serikali ilipoacha zabuni ya wazi na, tangu Aprili 2023, ikaanza kununua mafuta kwa mkopo wa siku 180 kutoka kampuni za Saudi Arabia na Umoja wa Falme za Kiarabu: Saudi Aramco, ADNOC na ENOC. Naelewa kilichowasukuma. Chini ya mfumo wa zamani, waagizaji walilazimika kuwinda mamilioni ya dola kila mwezi ndani ya siku chache baada ya meli kufika. Hata hivyo mkopo huahirisha hitaji la dola bila kuliondoa, na baada ya miezi sita ankara ya kwanza ilikuja kama ilivyotarajiwa. Jambo linalonisumbua zaidi ni kwamba tulibadilisha ushindani wa kila mwezi kwa makubaliano ambayo mwananchi hawezi kuyasoma, huku ada ya usafirishaji na ya mtoaji mafuta ikipangwa ndani yake. Uganda, ambayo mafuta yake mengi hupitia Mombasa, iliyakataa. Ilitaka kununua yenyewe, ikaipa kampuni yake ya taifa ya mafuta jukumu hilo kwa kushirikiana na Vitol, kampuni ya kimataifa ya biashara ya mafuta, na tangu Julai 2024 inaagiza bila kupitia kampuni za Kenya. Jirani akiamua kujitoa katika ununuzi wa pamoja, ni haki ya Mkenya kuonyeshwa mkataba huo ukurasa kwa ukurasa.

Sasa tufike kwenye kodi. Katika kila lita ya petroli kuna ushuru wa bidhaa wa shilingi 21.95, tozo ya kutunza barabara ambayo hadi katikati ya mwaka 2024 ilikuwa shilingi 18, tozo ya ustawishaji wa petroli ya shilingi 5.40, na ada nyingine ndogondogo za reli na za uagizaji. Juu ya jumla hiyo yote, tozo zenyewe zikiwa ndani, hutozwa VAT, iliyopandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16 mnamo Julai 2023. Petroli ilipouzwa kwa 217.36, VAT peke yake ilikuwa karibu shilingi 30. Tozo za kiwango maalumu, yaani kiasi kile kile kwa kila lita, zina tabia moja ambayo kila msomaji anapaswa kuijua: pipa likishuka, zenyewe hazishuki. Ndiyo maana bei ya dunia ikianguka kwa robo, bei ya kituoni haiwezi kuanguka kwa robo, hata kama wauzaji wote wangekuwa waaminifu kupindukia.

Mwezi wa Julai mwaka 2024 unaonyesha vizuri ninachokisema. Tarehe 25 Juni vijana waliokuwa wakipinga Mswada wa Fedha waliingia Bungeni, na siku iliyofuata Rais akatangaza kuuondoa. Watu walipoteza maisha katika maandamano yale. Majuma machache baadaye, tozo ya kutunza barabara ilipandishwa kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa njia ya kanuni, bila kuhitaji mswada ule. EPRA ilipotangaza bei za Julai, petroli jijini Nairobi ilishuka kwa shilingi moja, ikawa 188.84, na vyombo vya habari vikaripoti nafuu. Kwa hesabu yangu, shilingi saba zile pamoja na VAT yake ni zaidi kidogo ya shilingi nane kwa lita. Gharama ya uagizaji ilikuwa imeshuka na shilingi ilikuwa imepata nguvu, kwa hiyo nafasi ya kupunguza bei ilikuwepo, lakini ilijazwa kabla mnunuzi hajaiona. Hakuna aliyebandua bango la kituoni kwa hasira mwezi ule, kwa kuwa bango lilionyesha bei imeshuka. Mwaka 2025 kiasi wanachoruhusiwa wauzaji kujipatia kwa kila lita nacho kikaongezwa kwa awamu. Inawezekana wauzaji walistahili nyongeza hiyo, kwa sababu mishahara, umeme na kodi ya ardhi vimepanda. Hoja yangu ni kwamba mjadala wa nyongeza ya namna hiyo unapaswa kufanyika hadharani kabla ya tarehe 14.

Wasomaji huuliza kwa nini serikali isirudishe ruzuku. Tulikuwa nayo kuanzia Aprili 2021, ikilipwa kutokana na tozo ile ya shilingi 5.40, ambayo kabla ya Julai 2020 ilikuwa senti 40 tu. Bei ya petroli ilizuiwa isipande sana, ikafika 159.12 kufikia katikati ya 2022 wakati nchi nyingine zilikuwa zikilia. Lakini bei ya dunia ilipanda haraka kuliko mfuko huo ulivyojaa, serikali ikachelewa kuwalipa waagizaji, na mwezi wa Aprili 2022 vituo vikakauka, madereva wakilala kwenye foleni na kufunga safari kutoka mtaa hadi mtaa kwa fununu kwamba mahali fulani kuna petroli. Ruzuku ya petroli ilipoondolewa Septemba mwaka huo, bei iliruka hadi 179.30 kwa usiku mmoja. Ruzuku ya petroli pia humfaidi zaidi mwenye gari kubwa, kwa kuwa ndiye anayenunua lita nyingi.

Kama kuna mahali ambapo ningetetea nafuu bila kusita, ni kwenye mafuta taa. Katika mitaa ya mabanda hayanunuliwi kwa lita. Mama huja na chupa ya plastiki, hutaja pesa alizo nazo, muuzaji humpimia kiasi hicho hicho, na kitatosha kuchemsha chai na kupika ugali wa jioni. Tangu mwaka 2018 lita moja hubeba tozo ya shilingi 18 ya kuzuia uchakachuaji, kwa sababu wafanyabiashara walikuwa wakichanganya mafuta taa na dizeli ili wavune tofauti ya kodi. Tanzania ilichukua njia iyo hiyo mwaka 2011. Dawa hiyo inafanya kazi, magari mengi yameokolewa, lakini aliyelipishwa gharama ya udanganyifu ule ni mtu asiye na gari. Gesi ya kupikia iliondolewa VAT mwaka 2023, na hilo lilikuwa jambo jema, ila mtungi na jiko lake vinahitaji pesa nyingi kwa mkupuo, na mwenye kununua mafuta kwa chupa hana mkupuo.

Kuna swali moja ambalo huulizwa kila mara bei inapopanda: je, mafuta yetu ya Turkana? Mafuta yaligunduliwa katika kisima cha Ngamia 1 mwaka 2012, malori yakasafirisha mapipa ya majaribio hadi Mombasa kuanzia 2018, na shehena ya kwanza ikauzwa nje Agosti 2019. Mafuta yale yana nta nyingi, huganda yakipoa, na yanahitaji bomba lenye kupashwa joto kama lile la kilomita 1,443 linalotoka Hoima hadi Tanga. Hata yatakapoanza kutoka kwa wingi, hatuna kiwanda cha kuyasafisha. Yatauzwa nje kwa bei ya dunia, nasi tutaendelea kununua petroli kwa bei ya dunia. Yataipa nchi dola, na dola, kama nilivyoonyesha, zina uzito wake. Lakini hayatateremsha bango la kituoni kwa sababu tu yametoka ardhini mwetu.

Utegemezi wetu uko barabarani. Takriban tisa kwa kumi ya umeme wa Kenya hutokana na mvuke wa Olkaria na kwingineko, maporomoko ya maji, upepo na jua. Tunao umeme wa kwetu, lakini matatu, malori, trekta na bodaboda nyingi zinakunywa mafuta ya watu. Reli yetu ya kisasa kutoka Mombasa inavutwa na injini za dizeli, ilhali Tanzania ilijenga yake ya Dar es Salaam hadi Dodoma ikitumia umeme tangu siku ya kwanza, na bajaji za Dar es Salaam hupanga foleni kujaza gesi asilia ya kisiwa cha Songo Songo. Bodaboda za umeme zimeanza kuonekana Nairobi, na mwendeshaji anayebadilisha betri hajali dola imefika ngapi siku ile.

Hapo ndipo tunakutana na utegemezi mwingine ambao hauzungumzwi sana, ule wa hazina yenyewe. Kila lita isiyonunuliwa ni tozo isiyokusanywa, na barabara zetu zinaishi kwa tozo hizo. Mwaka 2025 serikali ilichukua zile shilingi saba zilizoongezwa Julai 2024 na kuziweka dhamana ili kupata fedha za kuwalipa wakandarasi wa barabara madeni yaliyokuwa yamelimbikizana. Wakandarasi walistahili kulipwa, na wengi walikuwa wamefilisika wakisubiri. Lakini shilingi saba hizo sasa zimeahidiwa waliotoa fedha zao, kwa hiyo hata pipa likianguka na shilingi ikipanda, waziri wa fedha atakayetaka kuzipunguza atalazimika kwanza kutafuta pesa za kuzikomboa.