Roki ya Wachikano ni nini?

Mchikano ni Mmarekani mwenye asili ya Meksiko. Neno lenyewe zamani lilikuwa la dharau, mpaka vijana wa miaka ya 1960 walipolichukua wakajiita hivyo kwa fahari. Roki ya Wachikano ni muziki wa watoto waliosikia Kihispania nyumbani na midundo ya Wamarekani Weusi redioni, wakavipiga vyote kwa gitaa moja.

Ukitaka kuielewa, fuata majina. Mwaka 1958 Richard Valenzuela, kijana wa Pacoima, Los Angeles, alikatwa jina na mtayarishaji wake, Bob Keane, akawa Ritchie Valens, ili redio zisimwache nje kwa kuona tu jina la Kimeksiko. Jina likafichwa, asili ikabaki palepale: wimbo wake "La Bamba" ni wa kienyeji wa Veracruz, huko Meksiko, nao watu huucheza harusini. Yeye aliutilia gitaa la umeme na ngoma za roki, ila maneno aliyaacha kwa Kihispania. Usikilize mwanzoni, lile gitaa linavyoanza peke yake kabla wenzake hawajaingia. Hapo ndipo Veracruz na Los Angeles zinapokutana. Tarehe 3 Februari 1959 alikufa kwa ajali ya ndege huko Iowa, pamoja na mwanamuziki wa roki Buddy Holly. Alikuwa na miaka 17, na umaarufu wake haukufika hata mwaka.

Anayenigusa zaidi ni Baldemar Huerta wa San Benito, Texas. Jukwaani alijiita Freddy Fender, na hilo "Fender" alilitoa kwenye chapa ya vyombo vya muziki. Mwaka 1960, wimbo wake ukiwa ndio kwanza unashika kasi, alikamatwa na bangi Louisiana, akafungwa katika gereza la hukohuko liitwalo Angola. Baada ya kutoka kuna wakati alitengeneza magari ili ale. Ilipofika 1975 "Before the Next Teardrop Falls" ukashika namba moja Marekani, na ndani yake kuna ubeti ameuimba kwa Kihispania.

Los Lobos, bendi iliyoundwa Los Angeles Mashariki mwaka 1973, hawakuficha asili yao kwa jina. Jina lao ni la Kihispania, maana yake mbwa mwitu. Mwaka 1987 waliirudia "La Bamba", na safari hii ikafika namba moja, mahali ambapo Valens hakuwahi kuifikisha.