Sensa ya ayala wa jangwani kwa ndege ni nini?

Sensa ya wanyamapori kwa ndege ni njia ya kukadiria idadi ya wanyama katika eneo kubwa. Watu wanaruka chini chini juu ya baadhi ya sehemu za eneo hilo, wanahesabu wanyama wanaowaona, kisha wanakokotoa ni wangapi hawakuwaona. Hiyo hatua ya mwisho ndiyo kazi yenyewe. Mtu anaposoma gazetini kwamba mahali fulani pana ayala 3,000, mara nyingi hudhani kuna aliyewaona wote 3,000. Hakuna. Labda walionekana 700, na zilizobaki ni hesabu.

Nitaeleza kwa kumtumia mnyama mmoja, ayala wa majangwa ya kusini magharibi mwa Marekani na kaskazini mwa Meksiko, ambaye kwa jina la kisayansi ni Odocoileus hemionus. Ana masikio makubwa kama ya baghala na mkia wenye ncha nyeusi. Dume huota pembe zenye matawi, zinazodondoka kila mwaka na kuota upya. Msituni milimani huishi wengi pamoja, lakini katika majangwa ya Sonora, Mojave na Chihuahua wametawanyika mno. Unaweza kuvuka bonde zima bila kumwona hata mmoja, kisha ukawakuta saba wamejibanza kwenye kivuli cha miti iliyoota kando ya korongo kavu. Rangi yao ni ya kijivu na kahawia, sawa na mawe na vichaka vinavyowazunguka. Kwa mhesabuji, huyu ni mnyama mgumu kuliko wengi.

Kumhesabu kwa gari hakufai sana. Barabara za jangwani ni chache na hupita penye tambarare, ilhali ayala hupenda miteremko na makorongo, tena hujifunza kukaa mbali na magari. Ukihesabu barabarani umehesabu ayala wa barabarani tu.

Hasara ya kutokuwa na hesabu inayoaminika ilionekana Arizona, jimbo mojawapo la huko kusini magharibi mwa Marekani. Mwaka 1906 Rais Theodore Roosevelt alitenga nyanda za juu za Kaibab, upande wa kaskazini wa Grand Canyon, kuwa hifadhi ya wanyama. Uwindaji wa ayala ukapigwa marufuku, na wanyama wanaowala, hasa puma na mbwa mwitu, wakauawa kwa wingi. Ayala wakaongezeka, wakamaliza malisho, na katikati ya miaka ya 1920 wakafa kwa njaa. Waliongezeka hadi kufikia wangapi? Waliofika huko mwaka 1924 walitaja idadi zilizopishana vibaya: 30,000, 50,000, hata 100,000. Wote walikuwa wakitazama ayala walewale. Ugomvi wa kama wapunguzwe, na nani mwenye mamlaka ya kuwapunguza, ulifika hadi Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1928, na hata huko hakuna aliyeweza kusema walikuwa wangapi. Idadi kubwa kuliko zote ndiyo iliyoingia kwenye vitabu vya kufundishia na kukaa humo kwa miongo, mpaka mwaka 1970 mwanaikolojia Graeme Caughley alipozirudia taarifa za mwanzo na kuonyesha jinsi msingi wake ulivyokuwa dhaifu. Naona kisa hiki kinatosha kumwonyesha yeyote kwamba idadi isiyoambatana na kiasi chake cha makosa haiwezi kubeba uamuzi mzito.

Sasa tuje kwenye kuruka. Msimu huchaguliwa kwa makini. Kwa sehemu kubwa ya mwaka madume hujitenga na majike, wakakaa peke yao kwenye miamba. Msimu wa kupandana, ambao jangwani huangukia karibu na Desemba na Januari, madume hushuka na kuchanganyika na majike, na bado wana pembe vichwani, hivyo ni rahisi kuwatofautisha ukiwa juu. Ndama waliozaliwa wakati wa mvua za majira ya joto, Julai na Agosti, wanakuwa wamekua kiasi cha kutembea na mama zao lakini bado ni wadogo kwa umbo. Ukichelewa hadi pembe zianze kudondoka, dume na jike watafanana machoni pako.

Chombo kinachotumika ni helikopta kuliko ndege yenye mabawa, kwa sababu ardhi ina vilima na makorongo yanayohitaji kufuatwa polepole. Huruka asubuhi na mapema, wakati ayala bado wanakula na hawajajificha jua. Eneo hugawanywa kwanza kwa matabaka: kingo za makorongo na vilima vya chini vyenye vichaka, ambako ayala huwa wengi, hurukiwa zaidi, tambarare tupu hurukiwa kidogo, lakini nazo haziachwi bila kuhesabiwa. Ukiruka juu ya pande zote sawasawa, vipande vingi vitatoa sifuri, na vichache vitatoa makundi makubwa yatakayoyumbisha makadirio yote.

Msingi wa mahesabu hayo ya vipande na kanda, yaani mistari mipana ya ardhi ambayo ndege huifuata, una uhusiano wa kweli na Afrika Mashariki. Mwaka 1958 mtaalamu wa wanyama kutoka Ujerumani, Bernhard Grzimek, na mwanawe Michael walihesabu wanyama wa Serengeti kwa ndege ndogo. Kisha mwaka 1969 mwanatakwimu G. M. Jolly alichapisha, katika jarida la kilimo na misitu la Afrika Mashariki, kanuni za kukadiria idadi kutokana na kanda zenye ukubwa usiolingana. Kanuni hizo bado zinatumika duniani, na wanaofuatilia taarifa za sensa za TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori ya Tanzania iliyoko Arusha, watakuwa wamekutana nazo. Tofauti ni kwamba kwenye mbuga tambarare ndege yenye mabawa inatosha: fimbo mbili hufungwa kwenye nguzo ya bawa, na mnyama anayeonekana katikati ya fimbo ndiye anayehesabiwa. Kwenye makorongo ya Sonora mpango huo huvurugika, kwa kuwa kimo cha ndege kutoka ardhini hubadilika kila sekunde, na upana wa ukanda nao hubadilika.

Turudi kwa wale wasioonekana. Baadhi wamefunikwa na mti au mwamba, na hata jicho la tai lisingewaona. Wengine wako wazi kabisa, ila mhesabuji amepepesa macho, amechoka, au alikuwa bado anahesabu kundi la upande mwingine. Caughley alionyesha mwaka 1974 kwamba kasi, kimo na upana wa ukanda vyote hubadilisha idadi ya wanaokosekana, na kwamba kukosa huko si bahati mbaya ya siku moja. Hutokea kila safari, tena daima kwa kupunguza idadi. Ndiyo maana hesabu ghafi ya angani karibu kila mara iko chini ya ukweli.

Dawa moja ni hesabu maradufu. Mtu wa kiti cha mbele na mtu wa kiti cha nyuma wanatazama upande uleule bila kuambiana wanachokiona. Tuseme wa mbele aliona makundi 40, wa nyuma makundi 36, na 24 kati ya hayo waliyaona wote wawili. Yule wa nyuma aliona 24 kati ya 40 ya mwenzake, yaani asilimia 60. Kama kiwango chake ni hicho kwa makundi yote, basi 36 yake ni asilimia 60 ya jumla, na jumla ni 60. Kwa pamoja walikuwa wameona makundi 52, kwa hiyo manane yaliwapita wote. Ni hesabu ya shule ya msingi, lakini inatupa kitu ambacho Kaibab ya 1924 haikuwa nacho, yaani kipimo cha waliokosekana. Udhaifu wake ni kwamba haimgusi ayala aliyefunikwa kabisa, ambaye hakuna kiti kingemwona.

Kwa huyo hutumiwa njia nyingine. Ayala kadhaa huvishwa kola za redio, helikopta inaruka, kisha inaangaliwa ni wangapi kati ya waliokuwamo walionekana na katika hali gani. Kundi kubwa huonekana kirahisi kuliko mnyama mmoja; anayekimbia kuliko aliyelala; wa uwandani kuliko wa kichakani. Kutokana na hayo hutengenezwa jedwali la masahihisho: ayala mmoja aliyeonekana kwenye kichaka kizito anaweza kuhesabiwa kama wawili au watatu, wakati kundi la kumi mahali pa wazi linabaki kumi.

Hata hivyo mameneja wa wanyamapori mara nyingi hawaanzi na idadi ya jumla. Wanatazama uwiano, yaani madume wangapi na ndama wangapi kwa kila majike 100. Uwiano wa ndama hueleza mvua ilivyokuwa, maana jangwani jike lililokosa majani mabichi halina maziwa ya kutosha. Uwiano wa madume hueleza uwindaji. Na uwiano ukiunganishwa na rekodi za wawindaji unaweza kutoa idadi: kama kabla ya msimu kulikuwa na madume 30 kwa majike 100, baada yake 20, na wawindaji wameripoti kuua madume 50, basi yale 10 yaliyopungua kwa kila majike 100 ni 50 halisi, kwa hiyo majike ni 500 na madume ya mwanzo yalikuwa 150.

Uwiano nao unadanganya ukiachwa peke yake. Ndama wakipanda kutoka 30 hadi 40 kwa majike 100, inaweza kuwa ndama wameongezeka, au majike wamekufa na ukame. Madume, wanaopenda kukaa wachache na penye miamba, hukosekana zaidi kuliko majike, na uwiano wao ukaonekana mdogo kuliko ulivyo. Kwa hiyo uamuzi wa kuongeza au kupunguza vibali vya kuwinda, ambavyo Arizona vingi hugawiwa kwa bahati nasibu, haufai kusimama juu ya mwaka mmoja. Mwelekeo wa miaka kadhaa, ukisomwa pamoja na mvua, una uzito zaidi.

Kazi hii ni ya hatari kuliko wengi wanavyofikiri. Januari 2010, helikopta iliyokuwa ikihesabu ayala katika wilaya ya Madera, California, iligonga waya na watu wote wanne waliokuwamo wakafariki. Kuruka chini na polepole kwenye mabonde ndiko kunakofanya hesabu iwe nzuri, na ndiko kunakompa rubani nafasi ndogo ya kujiokoa.

Kwa sababu hiyo kamera za kuona joto, zikiwa kwenye ndege inayoruka juu zaidi au kwenye droni, zinajaribiwa sehemu nyingi. Jangwani zina taabu yake. Mawe hunywa jua mchana kutwa na kulitoa usiku, hata saa kadhaa baada ya machweo jiwe na ayala vinang'aa sawa kwenye skrini. Muda mzuri ni mfupi, ile saa ya kabla ya mapambazuko ambapo mwamba umekwisha poa. Droni nyingi haziwezi kumaliza bonde moja ndani ya muda huo, na kamera nayo hukosa ayala waliofunikwa na miti, kwa hiyo kola na masahihisho yanahitajika kwake vilevile.